Mafuta Yaliyorudiwa Kukaangia Yanafanya Nini Mwilini?

Mafuta ya kupikia asili yake ni halali. Suala ni madhara. Yakipata moto mkali na kurudiwa, kama yale ya bajia na sambusa za futari yanayowekwa mpaka kesho, sehemu yake ndogo hubadilika umbo na kuwa mafuta ya transi. Hayo hupatikana kwa wingi zaidi katika baadhi ya mafuta yanayogandishwa kiwandani kwa haidrojeni.

Mwili huyasaga kwa nyongo na vimeng'enya na kuyaingiza damuni kama mafuta mengine. Mengi huunguzwa kuwa nguvu. Mengine hujichomeka katika utando wa seli. Kolesteroli mbaya hupanda, nzuri hushuka, na mishipa ya moyo huanza kuziba. Shirika la Afya Duniani linataka yasifike gramu 2.2 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000.

Kukaanga si haramu. Lakini muuzaji anayejua mafuta yake yameharibika, meusi, yenye povu na harufu, akamficha mteja, huo ni udanganyifu katika biashara, nao ni haramu. Nyumbani yakifika hapo yamwagwe. Hiyo si israfu.

Wallaahu A'lam.