Kaya za Wamijikenda: Utakatifu Mbele ya Sheria

Misitu ya kaya imetawanyika kwenye pwani ya Kenya, Kilifi hadi Kwale, kwa umbali wa kilomita 200 hivi. Ndani yake mna mabaki ya vijiji vyenye maboma ambavyo Wamijikenda walianza kuvijenga tangu karne ya 16, baada ya kuhama Singwaya, nchi yao ya asili, kama masimulizi yao yanavyoeleza. Kila kaya ilikuwa na fingo, kago lililozikwa ili kuulinda mji, na mahali lilipo palijulikana na wazee wachache tu. Watu walihamia mashambani kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Makaburi na miiko vikabaki. Mti haukukatwa, mifugo haikulishwa humo.

Utawala wa Uingereza uliutambua uzito wa kaya mapema. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, kwenye Kaya Fungo, wakala kiapo cha kukataa kodi na kazi za kulazimishwa: wanawake kiapo kiitwacho mukushekushe, wanaume kiitwacho fisi. Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Ilikuwa dhuluma kubwa, na pia ushahidi kwamba watawala walijua mamlaka ya Wagiriama yalikaa wapi.

Baada ya uhuru kaya zilikabiliwa na hatari isiyo na kishindo. Ardhi ilipimwa na kupewa hati, hoteli zikajengwa ufukweni Kwale, na vijana wengi wakaiona miiko kuwa ushirikina. Waliokuja kuzitetea miaka ya 1980 walikuwa wataalamu wa mimea, waliokuta humo miti adimu iliyotoweka kwingineko pwani. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilizitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya dola isiyo na dini haina kifungu cha fingo wala cha koma, yaani mizimu ya wahenga. Ina vifungu vya urithi na mazingira. Kwa hiyo ililinda tunda la mwiko, mwiko wenyewe ikawaachia wazee.

UNESCO iliiorodhesha misitu kumi kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata iliziweka mila za kaya kwenye orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa haraka, uamuzi wa busara, kwani msitu usio na wazee hauna wa kuusemea. Wazee hao wanapungua, na huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi.

Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea watalii. Mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kuondoka hata na jani. Anayekata mti kwenye kaya iliyotangazwa anaweza kushtakiwa mahakamani; wazee nao humdai mnyama wa kutakasa mahali alipopachafua.