Vitrasert: Dawa iliyoshonwa ndani ya jicho

Ukidondosha dawa jichoni, nyingi haifiki ndani. Machozi yanaiosha, nyingine inateremka puani hadi kooni, ndiyo maana wengine husikia uchungu mdomoni. Inayopenya huwa chini ya asilimia 5. Kwa herpes ya konea, kile kioo cha mbele, matone au marhamu bado yanasaidia, ila inabidi kupaka hata mara 5 kwa siku. Kwa virusi vilivyo nyuma kwenye retina, matone ni kazi bure.

Kabla ya ARV za nguvu kupatikana, hilo liliwapofusha wengi. Mgonjwa wa Ukimwi ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 50 alikuwa hatarini kupata CMV ya retina. Ni virusi ambavyo watu wazima wengi wanavyo bila kuugua, lakini kinga ikianguka vinakula retina taratibu, tena bila maumivu: kwanza vidoa vinavyoelea, halafu giza. Gansiklovia iliweza kuvizuia, ila kwa dripu ya kila siku kupitia mpira uliopachikwa kwenye mshipa mkubwa kifuani. Mpira wenyewe uliweza kuleta maambukizi, na dawa ilishusha chembe nyeupe za damu.

Mwaka 1996 Marekani ikaidhinisha Vitrasert: kidonge chenye miligramu 4.5 tu za gansiklovia, kimefunikwa kwa plastiki inayoachia dawa kidogo kidogo. Daktari alichana ukuta wa jicho, akakiingiza na kukishona. Kilifanya kazi miezi 5 hadi 8, kisha kikabadilishwa. Katika utafiti uliochapishwa 1997, ugonjwa ulichukua takriban siku 221 kusonga mbele kwa waliowekewa, dhidi ya 71 kwa waliotumia dripu.

Kasoro yake? Kililinda jicho hilo hilo tu. Jicho la pili na utumbo vilibaki wazi, hivyo wagonjwa waliongezewa vidonge vya kumeza.

ARV zilipoenea wagonjwa walipungua sana, na 2001 ikaja valgansiklovia ya kumeza. Vitrasert haiuzwi tena, ingawa ufundi wake ulizaa Retisert mwaka 2005, ya uvimbe wa ndani ya jicho.

CMV ya retina bado ipo kwa wanaochelewa kuanza ARV. Mwenye CD4 za chini akiona vidoa vinaelea au miale ya mwanga, apimwe retina haraka, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa. Tochi peke yake haionyeshi kitu.