Msaidizi wa Greenwich

Mwishoni mwa karne ya 18, kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, kilikuwa chini ya Nevil Maskelyne, na msaidizi wake alikuwa kijana aliyeitwa David Kinnebrook. Kazi yao ilikuwa kuandika wakati hasa nyota ilipopita nyuzi nyembamba zilizowekwa ndani ya darubini. Mtazamaji alikaza jicho kwenye nyota, huku sikio lake likihesabu milio ya saa, kisha akakadiria hata sehemu ya kumi ya sekunde.

Mwaka 1795 Maskelyne aliona kwamba msaidizi wake huchelewa kuliko yeye kwa nusu sekunde. Akamwonya. Kijana akajitahidi, lakini Januari 1796 tofauti ilikuwa imefika sehemu nane za kumi. Basi Maskelyne, ingawa alisikitika, akamwachisha kazi.

Je, Kinnebrook alikosa nini? Habari zake zilisomwa baadaye na Friedrich Bessel, mtaalamu wa nyota wa mji wa Königsberg. Yeye hakuuliza nani mzembe. Aliuliza kama wako watu wawili wanaopatana kabisa. Katika miaka ya 1820 alijilinganisha na wenzake, akakuta kwamba hata mabingwa hutofautiana, pengine kwa zaidi ya sekunde moja. Wahenga walikwisha kusema: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mwaka 1850, katika mji ule ule, Hermann Helmholtz alipima mwendo wa habari ndani ya neva ya chura. Wengi walidhani mwendo huo haupimiki. Kumbe haukufika mita 40 kwa sekunde. Katika miaka ya 1860, Frans Donders wa Uholanzi akaonyesha kwamba mtu anayelazimika kuchagua kabla ya kutenda hukawia zaidi.

Nanyi mwaweza kupima jambo hili darasani. Mmoja ashike rula kwa juu, isimame wima. Mwenzake aweke vidole wazi penye sifuri, bila kuigusa. Rula iachwe ghafula, naye aidake. Akiidaka penye sentimita 20, amechukua yapata sehemu ya tano ya sekunde, kwa kuwa huo ndio muda wa kitu kuanguka umbali huo. Akiidaka penye sentimita 5, amebahatisha, maana muda wake ungekuwa sehemu ya kumi tu. Rudieni mara kumi, mtafute wastani.

Mtakapoandika hesabu zenu ubaoni, hazitalingana, na huenda darasa likamcheka aliye wa mwisho. Hapo mkumbukeni Kinnebrook. Maskelyne alipima tofauti ya msaidizi wake kwa uangalifu mkubwa, ila alisahau kwamba kipimo alichotumia kilikuwa yeye mwenyewe.