Filamu ya Mapishano

Kijana anashuka basini asubuhi na mapema huko Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas. Anachukua teksi, anaketi nyuma, na njia nzima anammwagia dereva maneno: kwamba kila njia ambayo mtu hakuifuata labda inaendelea kuishi kivyake mahali fulani, na kwamba pengine angebaki stendi mambo yangemwendea vizuri zaidi. Dereva hajibu hata neno moja. Kijana anashuka, na hapo barabarani kuna mwanamke amelala, amegongwa na gari. Mtazamaji anangoja kuona huyu kijana atafanya nini, maana ndiye tuliyeanza naye safari. Lakini kamera haina habari naye tena. Imeshamfuata mtu mwingine, na huyo naye itamwacha baada ya dakika chache, na hatutamwona tena kijana wa teksi mpaka filamu inakwisha.

Aliyeigiza kijana huyo ni mwongozaji mwenyewe, Richard Linklater. Filamu inaitwa Slacker. Aliipiga mwaka 1989 kwa mkanda wa milimita 16, kwa fedha zinazotajwa kuwa kiasi cha dola 23,000, akiwatumia marafiki, wanamuziki wa mjini na hata mwalimu wa falsafa wa chuo kikuu cha hapo Austin. Ilionyeshwa Austin mwaka 1990, ikapata msambazaji na kuenea Marekani mwaka uliofuata, na mapato yake yalipita dola milioni moja. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Ndani yake wamo watu wapatao mia moja, katika mchana mmoja na usiku wake, na hakuna hata mmoja anayeweza kuitwa mhusika mkuu. Hata orodha ya waigizaji mwishoni haiwapi majina. Inawataja kwa lile tulilowaona nalo. Linklater ameandikwa kitu kama “Bora Ningebaki Stendi”. Mzee anayemfumania mwizi nyumbani kwake, kisha badala ya kuita polisi akamchukua matembezini wakizungumzia siasa za kuipinga dola, ameandikwa mzee mpinga dola basi.

Filamu ya namna hii tuiiteje kwa Kiswahili?

Wenye Kiingereza wanayo majina mawili. Mtaalamu wa filamu David Bordwell aliziita simulizi za mtandao, akiwa na maana ya mtandao wa watu: huyu anamjua yule, yule amegongana na huyu, na hadithi inakaa kwenye nyuzi zinazowaunganisha. Jina la pili, filamu za viungo, lilizuka mwaka 2005. Mwandishi Alissa Quart alilitumia katika jarida la Film Comment, na mwaka huohuo mhakiki Roger Ebert akalichukua alipoandika kuhusu filamu ya Syriana, likaenea. Jina hilo linatokana na vile viungo vya kwenye kurasa za intaneti: unabonyeza neno, unajikuta ukurasa mwingine. Bordwell aliazima kwa wanasosholojia, Quart aliazima kwenye kompyuta. Na sisi tukizifuata istilahi hizi neno kwa neno, zote mbili zinatuangusha.

“Filamu ya mtandao” ndiyo inayokuja mdomoni haraka, na ndiyo mbaya zaidi. Neno mtandao limeshachukuliwa. Mwambie mtu wa Dodoma au Mombasa kwamba jana uliangalia filamu ya mtandao, ataelewa kwamba uliiangalia kwenye simu, na swali lake la kwanza litakuwa bando lilikula kiasi gani. “Filamu ya viungo” nayo inanukia iliki na bizari. Wengine watapendekeza “visa sambamba”, na hapa kidogo kuna hoja, kwa sababu sambamba linabeba wazo la mambo yanayokwenda kwa wakati mmoja. Lakini vitu vilivyo sambamba havigusani, reli ni shahidi, wakati filamu hizi zinaishi kwa kugusana, hata kama ni kwa bega tu. Tena sambamba tunalihitaji kwa kazi nyingine: uhariri sambamba, pale filamu inaporuka kati ya mwizi anayevunja mlango na mwenye nyumba anayepanda ngazi. Hicho ni kisa kimoja kinachokatwa mara mbili. Istilahi ikibebeshwa mizigo miwili, mmoja utadondoka.

Wapo pia watakaosema tunalo neno siku nyingi: hadithi ndani ya hadithi, kama Alfu Lela Ulela. Silikubali. Katika Alfu Lela Ulela kuna msimulizi mmoja anayezishika hadithi zote mkononi, na shingo yake ndiyo dhamana. Slacker haina msimulizi. Hakuna kisa kilichozaliwa na kingine. Kila kimoja kilikuwa kikiendelea kabla kamera haijafika na kitaendelea ikiisha kuondoka.

Pendekezo langu ni filamu ya mapishano. (Ndiyo, tumekimbia viungo tukaangukia neno linalofanana na mapishi. Ni sauti tu zilizokaribiana, na sidhani kama zitampoteza mtu.)

Kupishana ni kitenzi kilichojengwa juu ya kupita. Kupisha ni kumwachia mwingine njia. Kupishana ni kuachiana njia, na papo hapo kina maana tatu ambazo Waswahili tunazitumia bila kuzitenganisha. Tumepishana mlangoni: wewe unatoka, mimi naingia, pengine hata hatukuonana. Walinzi wanapishana: mmoja wa usiku, mmoja wa mchana, kwa zamu. Maelezo ya mashahidi yanapishana: yanahusu jambo moja lakini hayalingani. Filamu ninazozisema zinafanya yote matatu. Wageni wanapitana mjini, visa vyao vinashika zamu mbele ya kamera, na tukio moja likitazamwa na wawili linakuwa matukio mawili.

Mfano ulio bora kuliko wote kwa neno hili, naona, si Slacker bali ni Mystery Train ya Jim Jarmusch, ya mwaka 1989. Mji ni Memphis, katika jimbo la Tennessee, na visa ni vitatu vya usiku mmoja. Kwanza wanaingia kwa treni vijana wawili wapenzi kutoka Yokohama, Japani, waliokuja kuhiji kwa Elvis Presley. Kisha anakuja mjane wa Kiitaliano anayesafirisha jeneza la mumewe, amekwama mjini hadi kesho, akalazimika kugawana chumba na mwanamke mwenye maneno mengi aliyemkimbia mpenzi wake. Mwisho ni Mwingereza mlevi mwenye bastola, akiwa na wenzake wawili. Wote wanaishia Hoteli ya Arcade, nyumba chakavu isiyo na televisheni chumbani, na wahudumu wawili wa mapokezi ni walewale katika visa vyote. Redio inapiga wimbo uleule wa Elvis. Asubuhi unasikika mlio wa risasi.

Visa havikuchanganywa, vinafuatana, kila kimoja kikianza na kwisha. Kwa hiyo ule mlio tunausikia kwanza ukiwa kelele ya ukutani ambayo wapenzi wa Yokohama hawaielewi. Mara ya pili unatoka upande mwingine wa ukuta. Mara ya tatu tumo chumbani, tunaona nani kaumia. Ndipo mtazamaji anagundua kwamba yule mwanamke mwenye maneno mengi alimkimbia Mwingereza huyuhuyu, kwamba aliyepigwa risasi ya mguu ni kaka yake, na kwamba usiku kucha watu hawa watatu wamelala chini ya paa moja bila habari. Asubuhi wanatawanyika. Dada anapanda treni hajui lolote. Hawakukutana, walipishana, na filamu nzima imo katika tofauti ya vitenzi hivyo viwili. Simulizi ya mtandao ingetuambia kwamba watu hawa wameunganishwa. Ni kweli, lakini wenyewe hawajui, na kutokujua kwao ndiko kunakoleta kicheko na uchungu.

Kuna jamii nyingine inayotegemea kugongana. Amores Perros ya Alejandro González Iñárritu, ya mwaka 2000, inalo gongano lenyewe: ajali moja ya magari katika Jiji la Mexico, na visa vitatu vinavyoingia na kutoka kupitia ajali hiyo. Short Cuts ya Robert Altman, ya mwaka 1993, inawaweka wahusika wakuu 22 Los Angeles na kuwatikisa wote kwa tetemeko la ardhi. Neno mapishano linazibeba hizi pia, ingawa kwa jasho zaidi. Ajali ni mapishano yaliyoshindikana: wawili wamekataa kupishana. Mimi binafsi filamu za aina hii hunichosha zinapokuja nyingi, kwa kuwa baada ya ile ya tatu unaiona ajali ikija tangu dakika ya kumi.

Slacker basi inakaa wapi? Humo mtu haonekani mara mbili. A anakutana na B, kamera inaondoka na B, B anampita C. Hapa tuseme mapishano ya kupokezana, kama wakimbiaji na kijiti. Linklater hakuwa wa kwanza. Max Ophüls alifanya hivyo mwaka 1950 katika La Ronde, iliyotokana na tamthilia ya Arthur Schnitzler kuhusu Vienna, ambamo wapenzi wanapokezana mpaka duara linafunga. Na katika L'Argent ya Robert Bresson, ya mwaka 1983, kijiti ni noti bandia inayotoka mkono hadi mkono ikiharibu maisha ya watu. Alichofanya Linklater ni kuliacha duara wazi. Hakuna anayerudi, hakuna deni linalolipwa.

Kwa nini karibu zote ziko mjini? Kupishana kunataka wageni. Kijijini huwezi kumpita mtu hivihivi, lazima msalimiane, na salamu za kijijini zina urefu wa kisa kizima. Lakini mji peke yake hautoshi. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga, imejaa Nairobi kuanzia vumbi hadi jukwaa la tamthilia, na bado si filamu ya mapishano: tunaingia na Mwas, tunatoka na Mwas, na wengine wote wanapimwa kwa walichomfanyia.

Nigusie pia neno huru, kwa kuwa filamu hizi huitwa filamu huru. Marekani neno hilo lina adui wake: ni huru kutoka kwa studio kubwa za Hollywood na fedha zake. Kwetu, ambako mtayarishaji mara nyingi hukopa kamera na kulipia chakula cha waigizaji mfukoni mwake, nani asiye huru? Nikiandika Kiswahili naona heri kusema kwamba filamu ilitengenezwa nje ya studio kubwa, nikataja na gharama yake. Dola 23,000 zinaeleza zaidi.

Mpaka wa istilahi ningeuweka kwa filamu nyingine ya Jarmusch, Night on Earth ya mwaka 1991. Teksi tano, miji mitano, usiku mmoja: Los Angeles, New York, Paris, Roma, Helsinki. Saa za ukutani zinatuhakikishia kwamba yote yanatokea kwa wakati mmoja, lakini hakuna abiria wa Roma anayeweza kumpita dereva wa Helsinki barabarani. Hiyo ni filamu ya mkusanyo, kundi moja na Stories of Our Lives ya Kenya ya mwaka 2014, yenye visa vitano vinavyojitegemea. Mwenye kuiita ya mapishano itambidi kwanza anionyeshe mlango waliopishania.