Utambuzi wa Wadudu

Miongoni mwa istilahi za elimu ya wadudu, ile inayomgusa mwananchi kuliko zote ni hii tunayoitamka kwa Kiswahili utambuzi, yaani kazi ya mjuzi kuletewa kiumbe na mtu asiyekijua, akakichungua, kisha akasema ni jinsi gani hasa na kwa ithibati zipi. Wapo wanaoiita uainishaji, na wengine utambulisho, lakini mimi siafikiani nao. Kwani uainishaji ni kuvipanga viumbe vyote katika mafungu yake, kama alivyofanya Linnaeus wa Uswidi katika kitabu chake cha mwaka 1758, na utambulisho ni kumjulisha mtu kwa mwenzake. Kutambua, walakini, hudai kwamba kitu kimekwisha julikana na kina jina lake, na kwamba anayekitazama sasa anakirudishia jina hilo kwa dalili alizoziona kwa macho yake, wala si kwa kukisia.

Kabla ya hapo yafaa tulitazame neno mdudu lenyewe, ambalo katika matumizi ya kila siku ni pana mno. Mbu ni mdudu, nge ni mdudu, tandu na buibui kadhalika, na hata uvimbe wenye usaha unaotoka kidoleni karibu na ukucha huitwa mdudu. Wataalamu wamelibana: kwao mdudu ni yule ambaye mwili wake umegawanyika kichwa, kifua na tumbo, mwenye miguu sita na vipapasio viwili. Aristotle aliwaita viumbe wa namna hii kwa neno la Kiyunani lenye maana ya waliokatwa, kwa sababu ya pingili za miili yao, na humo ndimo lilimotoka jina la entomolojia. Kwa kipimo hicho papasi hamo, maadamu papasi mzima ana miguu minane na hana vipapasio.

Hata hivyo mjuzi atakayemrudisha mlangoni mtu aliyeleta papasi, eti kwa kuwa si mdudu, atakuwa ametenda dhuluma. Papasi na kunguni wote wawili hujificha mchana na kunyonya damu usiku, na aghalabu aliyeumwa hushindwa kuwabagua. Kunguni huwasha na kuudhi, lakini haijathibitika kwamba humwambukiza mtu maradhi kwa kumuuma, ilhali papasi hueneza homa ipandayo na kushuka kwa vipindi, ambayo daktari Mwingereza Dutton alifariki kwayo huko Kasongo, nchini Congo, mwaka 1905, alipokuwa akiichunguza. Kwa hiyo kuhesabu miguu si mchezo wa wanazuoni. Aliyeambiwa ni kunguni ataanika kitanda na godoro lake, na aliyeambiwa ni papasi itampasa aitazame sakafu ya udongo na nyufa za kuta, na akishikwa na homa amweleze tabibu kwamba papasi wamo nyumbani mwake.

Mfano ulio wazi zaidi uko ghalani. Fukusi wamejulikana na wakulima wetu tangu zamani, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora walikumbwa na balaa ngeni, mahindi yakiliwa na kuachwa unga mtupu, na muhogo mkavu na hata miti ya ghala ikitobolewa. Aliyefanya hayo ni dumuzi, mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Waweke wote wawili chini ya kioo cha kukuzia: fukusi ana pua ndefu iliyopinda, imetangulia mbele ya macho yake, dumuzi hana pua hiyo, na ukimtazama kwa juu kichwa chake hukioni, kwa sababu kimeinama chini ya kifua, na nyuma mwili wake umekatika wima mithili ya gogo lililopigwa msumeno. Sifa hiyo ya nyuma ndiyo iliyompa jina lake la Kilatini, *truncatus*.

Ikhtilafu hiyo ndogo ya maumbile ndiyo inayoamua dawa. Vumbi la pirimifosi-methili humuua fukusi vyema, lakini dumuzi halimtoshi. Permetrini humwangamiza dumuzi, lakini kwa fukusi ni dhaifu. Na kwa ajili hiyo zikachanganywa pamoja. Fauka ya hayo, dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo magunzini, ambamo punje zimeshikamana naye hupata pa kujikaza anapotoboa, na ndiyo maana wakulima waliusiwa kupukuchua kwanza, ndipo wachanganye dawa.

Basi mwenye kutaka kutambuliwa mdudu wake asimponde kwa kiatu, kwani mjuzi hawezi kusoma mwili uliosagika. Amtie katika kichupa chenye spiriti, isipokuwa vipepeo na nondo, ambao huharibika wakiloweshwa na hivyo huletwa wakavu ndani ya karatasi iliyokunjwa. Aandike kwa penseli, maana wino huyeyuka katika spiriti, mahali alipomkamata, tarehe, na alichokuwa akikila. Na kama wako wengi alete kadhaa, kwa sababu mmoja huweza kuwa amepoteza mguu au kipapasio, na pengine hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa.