Sauti ya Kiongozi na Sikio la Raia

Ndugu wakimbizi wenzetu, nanyi watumishi wa mashirika mnaotuhudumia,

Tunapoadhimisha tena Siku ya Uhuru wa Kongo, Kamati imeona vema kukumbusha jambo moja la historia yetu. Wazee walisema: ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Lakini katika nchi yetu, mara nyingi tumempima kiongozi kwa namna anavyosema kabla ya kutazama anayotenda.

Siku yenyewe ya Uhuru inatupa mfano wa kwanza. Tarehe 30 Juni 1960, mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimsifu Leopold wa Pili, aliyeitawala Kongo kama mali yake binafsi. Rais Joseph Kasa-Vubu alijibu kwa upole na adabu. Kisha Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye hakuwamo katika ratiba, akasimama. Hakuanza na mfalme. Alianza na Wakongo, akawaita wapiganaji wa uhuru. Akataja matusi na vipigo, na hata jinsi Mwafrika alivyosemeshwa kwa Kifaransa kama mtoto, huku neno la heshima likiwekewa Wazungu. Serikali yake ilikuwa haijatimiza wiki mbili. Hata hivyo, kuanzia siku ile Wakongo wengi walimwona shujaa, na wakubwa wengi wa Ubelgiji walimwona mtu wa hatari.

Tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Lumumba. Jioni ileile Lumumba naye akaenda redioni kumpinga. Umoja wa Mataifa ukafunga kituo cha redio, lakini upande wa Kasa-Vubu uliweza kutumia redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba, ambaye nguvu yake kubwa ilikuwa ulimi, akabaki bila chombo cha kuwafikia raia. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Mobutu, aliyetwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, alikuwa na mtindo wake. Katika mikutano ya hadhara alisema Kilingala, akiuliza na umati ukijibu, kofia ya chui kichwani na fimbo mkononi. Televisheni ilimwonyesha kana kwamba anashuka kutoka mawinguni. Lakini tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, alipotangaza mwisho wa chama kimoja, sauti ilikwama na machozi yakamtoka. Wako waliomhurumia, wakaamini kwamba amebadilika. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 11 Mei, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa chuoni mwao. Machozi hayakuwa dhamana.

Laurent-Désiré Kabila alipochukua nchi Mei 1997, Kiswahili kiliingia naye ikulu. Sisi wa Mashariki tulifurahi. Huko Kinshasa wengi waliisikia kama lugha ya askari wageni. Vita vya pili vilipoanza Agosti 1998, hotuba zikawa kali. Baadaye Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa msaidizi wa karibu wa Kabila, ikimshitaki kwamba hotuba zake za mwezi ule zilichochea chuki dhidi ya Watutsi. Tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliagiza hati hiyo ifutwe, kwa kuwa ilipotolewa yeye alikuwa waziri wa mambo ya nje mwenye kinga. Mahakama haikuamua kama maneno yale yalikuwa na hatia. Lakini mwezi ule Watutsi waliwindwa na kuuawa mitaani Kinshasa.

Joseph Kabila, aliyeapishwa tarehe 26 Januari 2001 baada ya kuuawa kwa baba yake, alikuwa mtu wa maneno machache, na Kilingala chake kilichekwa. Katika duru ya pili ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2006, Mashariki ilimpa kura kwa wingi, na Kinshasa ikamchagua Jean-Pierre Bemba, msemaji hodari wa Kilingala. Kabila alishinda kwa asilimia 58. Lugha haikuwa sababu pekee, maana vita viliacha kumbukumbu zake. Lakini mpaka wa kura ulikaribiana na mpaka wa lugha. Wengi wetu tulisema: huyu ni wetu, anasema kama sisi. Aliondoka madarakani Januari 2019, na bunduki za Mashariki zilikuwa bado hazijanyamaza.

Hatusemi kwamba ufasaha ni kosa. Lumumba alisema ukweli uliohitaji kusemwa. Tunachoomba ni kwamba, tukisikia hotuba redioni au katika mkutano wa kambi, tujiulize mambo matatu. Ametaja nani kuwa adui? Ameahidi nini, na kwa tarehe gani? Na baada ya makofi, ametenda nini? Tuwafundishe watoto maswali haya, kwa sababu wao ndio watakaopiga kura siku tutakaporudi nyumbani.

Nanyi watumishi wa mashirika, mnapotangaza habari za mgao au za kurudi kwetu, semeni polepole, kwa lugha tunayoielewa, na mtupe nafasi ya kuuliza. Tangazo la ukali lisilo na maelezo huzaa uvumi kabla jua halijatua.

Tunawatakia wote maadhimisho mema na ya amani.