Nyumba za Mawe za Mikindani

Msafiri atokaye Mtwara kwenda Lindi, akiisha kwenda kama kilomita 10, hufika Mikindani, mji wa kale ulio ukingoni mwa ghuba. Huko ndiko alikoshukia Dr. Livingstone mwaka 1866, akianza safari yake ya mwisho. Na huko Wajerumani walijenga boma lao mwaka 1895.

Nyumba za kale za mji huo ni za matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, kisha huzimwa kwa maji. Ukuta wa namna hii hupumua: unyevu huingia na kutoka. Basi aupakaye saruji, akidhani anautia nguvu, huufungia maji ndani, na lipu hubanduka pamoja na jiwe.

Bandari ya Mtwara ilipojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947, shughuli zilihamia huko, na nyumba nyingi zikaachwa. Boma lilipata wafadhili, likatengenezwa na kuwa hoteli. Lakini nyumba yenye warithi kumi, twaona sisi, ndiyo iliyo taabuni zaidi: paa huvuja, boriti huoza, na kila mrithi amngoja mwenziwe anunue chokaa.